Ken Dodd wa Knotty Ash na kazi ya kuchekesha watu ukumbini

Taja neno "mchekeshaji" mbele ya watu watano na kila mmoja atapata picha yake. Mmoja atamkumbuka King Majuto na filamu zake. Mwingine atamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi. Kijana wa Nairobi atawaza jukwaa la Churchill, na mwenzake atawaza vijana wanaojirekodi chumbani vipande vya dakika moja na kuvirusha mtandaoni. Wote tunawaita wachekeshaji, na hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia. Nani mchekeshaji wa kweli? Kwa nini huyu anayewavunja watu mbavu kwenye simu akipandishwa jukwaani anapoa kama chai ya jana? Na kwa nini wazee wengine hudumu miaka hamsini kwenye kazi ambayo wengi hawamalizi miaka mitano?

Nimeona majibu mengi ya maswali hayo katika maisha ya mtu mmoja wa Liverpool, Uingereza, aitwaye Ken Dodd. Alipanda jukwaani kama msanii wa kulipwa mara ya kwanza Septemba 1954, na onyesho lake la mwisho lilikuwa Desemba 2017 akiwa na miaka 90. Hata kwao Uingereza watu wanamchanganya. Wapo wanaodhani alikuwa mtu wa televisheni, wapo wanaomkumbuka kwa wimbo, na wapo wanaojua jambo moja tu, kwamba alishtakiwa kwa kodi.

Tuanze na maneno. Mwigizaji wa vichekesho ana hadithi, ana wenzake, na ana mhusika anayemvaa. Mzee Ojwang alikuwa na familia yake ya kwenye kipindi, na kicheko kilitoka kwenye yale yaliyowakuta. Mchekeshaji wa jukwaani hana hadithi wala mwenzake wa kumpokea. Ana mdomo wake, uso wake, na watu waliolipa kiingilio wakimtazama. Asipochekesha kwa nusu dakika, hana pa kujificha.

Hao wa jukwaani nao wako wa aina mbili. Aina ya sasa, inayoitwa "stand-up", mara nyingi husimulia maisha yake: ndoa yake, mtaa wake, serikali yake. Aina ya zamani ilitokea kwenye kile nitakachokiita onyesho mchanganyiko. Ukitaka kulielewa, kumbuka siku ya wazazi shuleni: ngoma inapita, inafuata ngonjera, sarakasi, kwaya, halafu igizo, na kila kundi lina dakika zake. Kumbi za Uingereza ziliendeshwa hivyo kwa miongo mingi. Usiku mmoja ulikuwa na mwimbaji, mwanamazingaombwe, mbwa waliofundishwa michezo, mcheza dansi, na mchekeshaji. Majina yaliandikwa kwenye bango, na ukubwa wa herufi ulikuonyesha hadhi ya kila mtu. Ken Dodd alilelewa na utaratibu huo, naye akawa miongoni mwa wa mwisho kabisa kuuishi.

Mfumo huo ulikuwa na hesabu zake, na bila kuzijua huwezi kuona alichokifanya mtu huyu.

Fikiria mfanyabiashara wa magulio. Jumatatu yuko gulio hili, Jumanne lile, Jumatano yuko mnadani wilaya ya jirani. Bidhaa ni zilezile, wateja ndio wanaobadilika. Msanii wa kumbi aliishi namna hiyo: wiki nzima mji mmoja, maonyesho mawili kila usiku, Jumapili anapanda treni kwenda mji mwingine. Kampuni ya Moss Empires ilikuwa na kumbi kubwa nchi nzima, nyingi zikiitwa Empire. Mchekeshaji aliyekuwa na dakika kumi na mbili nzuri aliweza kula kwa dakika hizo miaka mingi, kwa sababu alipokuja kurudi mji uleule, muda ulikuwa umepita.

Kisha ikaja televisheni. Ikiwa nchi nzima imekisikia kichekesho chako usiku mmoja, wiki ijayo utamwambia nani? Dakika zilizokuwa zikimlisha mtu miaka kumi ziliisha kwa jioni moja, na watazamaji nao wakabaki nyumbani. Televisheni ya kibiashara ilianza Uingereza mwaka 1955. Ukumbi wa Nottingham Empire, ambako Dodd alianzia kazi mwaka 1954, ulifungwa 1958. Glasgow Empire wa huko Scotland, uliosifika kwa kuwatoa jasho wachekeshaji waliotoka England, ulifungwa 1963. Kumbi nyingi ziligeuzwa kuwa za kucheza bingo au zikavunjwa. Kwa hiyo wanaosema Dodd alidumu kwa sababu alianza enzi nzuri wamekosea. Aliingia kwenye nyumba wakati paa linaezuliwa.

Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1927 Knotty Ash, pembezoni mwa Liverpool, kwenye nyumba ya zamani ya shamba. Baba yake, Arthur, aliuza makaa ya mawe na pia alikuwa mpiga muziki. Ken alipokuwa mtoto alipewa mwanasesere, ule wa kuusemesha bila wewe kuonekana unafungua mdomo, naye akaanza kuwachekesha watu wa mtaani nao. Meno yake ya mbele yaliyochomoza, ambayo baadaye yakawa alama yake, yaliharibika utotoni. Wenzake walimtia hamasa aendeshe baiskeli akiwa amefumba macho, naye akafumba.

Shule aliacha akiwa na miaka 14 akaingia kwenye biashara ya makaa ya familia. Baadaye akawa anazunguka na gari nyumba kwa nyumba akiuza sufuria na sabuni. Mimi naona msingi wa kazi yake uko hapo zaidi ya mahali pengine popote. Mchuuzi wa mlango kwa mlango ana sekunde chache za kumfanya mama wa nyumba asifunge mlango. Anajifunza kusoma uso, anajua lini aongeze neno na lini anyamaze, na akitoka anakumbuka nyumba ipi ilinunua nini. Jioni alikuwa akipanda majukwaa madogo kwa jina la Profesa Yaffle Chuckabutty, "mwimbaji wa opera na mfunga mafundo ya soseji". Alikuwa na miaka 26 alipoamua kuiacha biashara.

Sasa tumwone akiwa kazini. Alipenda kusema kitu kama hiki: "Unaweza kusema kichekesho Liverpool, na London wasicheke." Ananyamaza kidogo. "Hawakisikii."

Kwenye maandishi ni sentensi mbili, lakini itazame ilivyojengwa. Ya kwanza inafungua mjadala ambao kila Mwingereza anaujua, wa watu wa kaskazini na wa kusini, nani mjanja na nani ana maringo. Kichwa cha msikilizaji kinakwenda huko, kinangoja nadharia. Kimya kile kifupi kinampa muda wa kufika. Halafu jibu linamrudisha kwenye jambo ambalo hata mtoto angelijua: kutoka Liverpool hadi London ni zaidi ya kilomita 300, nani atakusikia? Msikilizaji anacheka kwa sababu alikuwa amekwenda mbali mno kulitafuta jibu lililokuwa miguuni pake. Kimya kikizidi kidogo, atalikisia mwenyewe. Kikipungua, bado hajafika kwenye nadharia. Ufundi uko kwenye kipimo hicho, na kipimo hubadilika kila usiku kulingana na waliokaa ukumbini. Ndiyo maana kijana wa simu anaweza kushindwa jukwaani bila kuwa mbaya. Kwenye simu yeye ndiye anayekata video na kupanga kimya chake mapema. Ukumbini kimya hicho anakipanga pamoja na watu elfu moja, palepale.

Miaka ya 1960, huko Liverpool, Dodd alisema vichekesho 1,500 kwa saa tatu na nusu na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Watazamaji waliingia kwa zamu. Gawanya mwenyewe: ni vichekesho saba kwa dakika, kimoja karibu kila sekunde nane na nusu. Isome aya hii kwa sauti na saa mkononi, uone alikuwa anakwenda kasi gani. Kasi hiyo nayo ilikuwa na sababu. Kichekesho kimoja kisipowaka, hakuna nafasi ya aibu kuingia, kwa sababu kingine kimeshafika, na mtu aliyeanza kucheka la kwanza anasombwa na la tatu.

Watu humwona mchekeshaji wa aina hii wakadhani anaropoka yanayomjia. Dodd alikuwa na madaftari. Baada ya onyesho aliandika kichekesho kipi kilipokewaje katika mji upi, na Anne Jones, mwenzake wa miaka mingi, akawa mshirika wake katika kazi hiyo pia. Kumbukumbu hizo aliziita ramani ya vicheko. Yeye aliamini kwamba kicheko cha Blackpool hakifanani na cha Birmingham, na hakutaka kubahatisha. Alisoma pia vitabu vya wanafalsafa na wanasaikolojia kuhusu kicheko, akiwemo Sigmund Freud. Maoni yake kuhusu Freud yalipata umaarufu: shida ya bwana yule, alisema, ni kwamba hakuwahi kupanda jukwaa la Glasgow Empire Jumamosi usiku. Alisema kwa mzaha, lakini ndani yake mna dai zito, nami naliunga mkono: nadharia ya kicheko ambayo haijapimwa mbele ya watu waliochoka na kazi za wiki haijakamilika.

Jingine linalowachanganya wasiokulia huko ni vikorokoro vyake. Alitoka na nywele zimesimama kama aliyepigwa na umeme, mkononi ameshika fagio la manyoya la kufutia vumbi, lenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Aliliita fimbo ya kutekenya. Kwa Kiingereza, mtu aliyefurahishwa husema "ametekenywa", na Dodd alifungua maonyesho yake kwa kuwaambia watu jinsi alivyotekenywa kuwaona, huku fimbo ikiwa hewani. Halafu kulikuwa na Diddy Men, watu wafupi wa kubuni wa Knotty Ash waliofanya kazi kwenye machimbo ya mkate wa jamu. Huhitaji kujua Liverpool ili kuona alichofanya. Alikuwa mtoto wa muuza makaa, katika nchi ambayo maelfu walikuwa bado wanashuka machimboni. Kwenye Knotty Ash yake, wachimbaji walichimbua chakula ambacho kila mtoto wa kipato cha chini alikijua: mkate uliopakwa jamu. Maneno mengine aliyabuni mwenyewe, kama "discomknockerated", lisilokuwemo kwenye kamusi ya mtu, lakini hata asiyejua maana yake husikia kwamba aliyepatwa na hali hiyo hayuko sawa.

Na wimbo? Mwaka 1965, enzi za bendi ya Beatles, rekodi iliyouzwa kuliko zote Uingereza ilikuwa "Tears" ya Ken Dodd. Ilikaa namba moja wiki tano. Wengi hudhani ulikuwa wimbo wa mzaha. Hapana, ni wimbo wa huzuni wa mapenzi, na aliuimba kwa dhati, sauti safi, bila kutania hata neno moja. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwenye onyesho mchanganyiko. Mchekeshaji aliwachosha watu mbavu, kisha akawatuliza kwa wimbo kabla ya kuwaaga, kama mwenyeji anayekusindikiza hadi barabarani badala ya kukuachia mlangoni. Mwaka huohuo alikuwa na msimu wa wiki 42 kwenye ukumbi wa Palladium, London. Miaka sita baadaye aliigiza Malvolio katika tamthilia ya Shakespeare huko Liverpool Playhouse, na mwaka 1996 akaonekana kama Yorick kwenye filamu ya Hamlet ya Kenneth Branagh.

Nimesema televisheni iliua kumbi. Dodd hakuikimbia, alikuwa na vipindi vyake, na usiku wake mmoja kwenye kituo cha ITV mwaka 1994 uliwakumbusha wengi kwamba bado yuko. Lakini hakuiachia ghala lake la vichekesho. Alirudi barabarani mwaka baada ya mwaka, miji midogo na mikubwa, na badala ya kufupisha maonyesho yake aliyarefusha. Saa nne, hata tano mfululizo. Watu walijua wakiingia jioni watatoka baada ya saa sita za usiku, wengine mabasi ya mwisho yamewapita. Aliwatania kwa hilo: akiwaambia kwamba hata wakitoroka atawafuata nyumbani awapigie kelele za vichekesho kupitia tundu la barua mlangoni. Kwenye televisheni hakuna atakayekupa saa tano. Ukumbini alizitoa mwenyewe, na walioingia mara moja walirudi na watoto wao.

Tuje kwenye kodi, kwa sababu hapa upotoshaji ni mkubwa. Mwaka 1989 alishtakiwa katika mahakama ya Liverpool kwa kuidanganya mamlaka ya mapato. Ilifahamika kwamba alikuwa ameweka pauni 336,000 taslimu nyumbani, kwenye masanduku darini, na kwamba alikuwa na akaunti za benki kwenye visiwa vya Jersey na Isle of Man. Inasimuliwa kwamba jaji alimuuliza pauni laki moja ndani ya sanduku mtu huzihisi vipi, naye akajibu kuwa noti ni nyepesi sana, mheshimiwa. Baada ya wiki kadhaa akaachiwa huru.

Wapo wanaosema, "Alikwepa kodi akaponea kwa umaarufu." Wapo wanaosema, "Alionewa, hakudaiwa chochote." Kauli zote mbili zinachanganya vitu viwili. Chukua mfano wa duka la mtaani. Ukikopa unga ukachelewa kulipa, una deni. Ukiuchukua kwa kudanganya, ukikusudia tangu mwanzo usilipe, umeiba. Unga ni uleule na bei ni ileile, tofauti iko kwenye nia. Kesi ya 1989 ilikuwa kuhusu nia, na nia ya udanganyifu ilipaswa kuthibitishwa bila kuacha shaka ya maana. Waamuzi walikuwa raia kumi na wawili wa kawaida. Hawa si kama wazee wa baraza waliozoeleka kukaa na jaji katika mahakama zetu, ambao maoni yao hayakumfunga. Huko, hao kumi na wawili wakisema hana hatia, kesi imekwisha. Wakili wake, George Carman, aliwaonyesha mtu wa ajabu na mbahili, mwenye hofu ya kubaki mikono mitupu, asiyejua hesabu. Alisema wahasibu wengine ni wachekeshaji, lakini wachekeshaji kamwe si wahasibu. Baraza likamwamini. Suala la kiasi gani cha kodi anachodaiwa ni jingine, la kumalizana na mamlaka, na kuachiwa huru hakulifuti.

Mimi sidhani alikuwa asiyejua hesabu. Mtu anayeandika kila kicheko cha kila mji anajua kuhesabu. Lakini hofu ya kubaki mikono mitupu naiamini kabisa, kwa mtu aliyeanza kazi huku kumbi zikifungwa nyuma yake moja baada ya nyingine. Kesi nzima akaigeuza mtaji. Uingereza ilipoleta utaratibu wa mtu kujikadiria kodi mwenyewe, miaka ya 1990, alipanda jukwaani akasema: huo niliubuni mimi.

Mkanganyiko wa mwisho ni wa ndoa yake. Alikuwa amekaa uchumba mrefu na Anita Boutin, muuguzi, aliyefariki kwa ugonjwa mwaka 1977. Mwaka uliofuata alianza maisha na Anne Jones, mcheza dansi na mwimbaji. Walifunga ndoa nyumbani kwao Knotty Ash tarehe 9 Machi 2018. Siku mbili baadaye Ken akafariki. Watu wakasema ndoa ilikuwa ya kodi tu. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza inatoza asilimia 40 kwa urithi unaozidi kiwango fulani, na kwamba mume au mke hatozwi, wakati mwenza asiye na ndoa hutozwa hata kama mmeishi pamoja nusu karne. Lakini huyu mama alikuwa naye miaka arobaini, akipanda naye jukwaani, akiendesha naye usiku kutoka mji mpaka mji. Sioni kwa nini sheria iwe sababu ya kuidogosha ndoa hiyo. Mtu anaweza kumlinda mwenzake na kumpenda kwa saini moja.

Alikuwa ameshapewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 2017, na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2003, watu wa eneo la Liverpool walimpigia kura kuwa mwana wao mkuu kuliko wote, mbele ya John Lennon wa Beatles. Onyesho lake la mwisho lilifanyika humohumo Liverpool, tarehe 28 Desemba 2017. Alifariki kwenye nyumba ileile aliyozaliwa, hakuwahi kuihama. Kwenye stesheni ya treni ya Lime Street kuna sanamu yake tangu 2009, ameshika fagio lake la manyoya. Habari ya msiba ilipoenea, abiria wakaanza kuleta mafagio kama lile, mekundu, meupe na ya buluu, wakayachomeka kwenye mikono ya ile sanamu na kuyapanga miguuni pake.